Nafasi Katika Kambi ya Mzee Kibwana

Tangu nirudi, hakuna anayeleta baiskeli kibandani kwangu Isevya akaanza na habari ya pancha. Wote wanaanza na Ugalla. Nimesimulia vipande vipande huku spana iko mkononi, kila mtu ameondoka na kipande chake, na sasa nasikia mjini zinazunguka safari tatu tofauti, zote eti zangu. Mmoja anasema kiboko alinikata mguu. Miguu yangu yote miwili ninayo, inauma. Basi nimeona niandike mara moja, nyinyi rafiki zangu msome, kisha mniache nifanye kazi.

Wenye haja hawakuwa mimi. Ni kaya saba za ndugu wa mke wangu. Walizaliwa kando ya mto Ugalla, watoto wa wavuvi, mpaka Serikali ilipowahamisha watu wa kule kwa sababu ya malale. Walipelekwa kwenye makazi mapya wakapewa majembe. Walilima wakashindwa, wakaja mjini, na leo wamebanana katika vyumba vya uani hapa Isevya na kule Chemchem, nyavu zao ziko darini zinaliwa na panya. Mwaka huu Bwana Shauri wa wilaya alikubali warudi kuvua kwa sharti moja tu: wapate kambi iliyokwisha kuruhusiwa, na mzee wa kambi hiyo awapokee kwa kinywa chake mwenyewe, kabla mvua hazijaanza. Wasipopata, neno limekwisha.

Walinituma mimi kwa kuwa nina baiskeli mbili nzima, na wakanipa shemeji yangu Yohana, kaka wa mke wangu, kwa kuwa anaujua mto. Sitasema uongo, nami nilitaka kwenda. Nimechoka na grisi. Moyoni nilikwisha kujijengea kibanda changu cha nane ukingoni mwa maji.

Isevya hadi mchanga wa Wala

Tulitoka alfajiri kwa njia ya kusini. Yohana alikuwa akiimba tenzi za kanisani kwa sauti ya juu, na jua lilipochomoza alikuwa bado anaimba, na nilipoanza kutokwa jasho alikuwa bado anaimba. Mimi siwezi kuimba na kupanda kilima kwa wakati mmoja, wala sielewi mtu anayeweza.

Alikuwa ameniahidi kwamba hatutafika mbali. Tutajaribu kwanza mto Wala, alisema, una vidimbwi, vina kambale, huenda tukapata kambi huko huko tukarudi nyumbani keshokutwa. Tulipofika Wala tulikuta mchanga. Mto mzima ulikuwa mchanga, na katikati yake wanawake wamechimba mashimo wanachota maji kwa vibuyu, kidogo kidogo. Tulisukuma baiskeli kuvuka, magurudumu yakizama, mpaka tukaona kidimbwi kimoja cha tope chini ya mti, na mzee mmoja amekaa kando yake na mkuki wa kuvulia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Samaki wapo?" akauliza Yohana.

"Walikuwepo."

"Lini?"

"Mlipokuwa mnakuja," akasema yule mzee, akafunua majani ya mgomba. Chini yake palikuwa na kambale mmoja, mwembamba kuliko mkono wangu. Hakutukaribisha, na sikumlaumu.

Jioni ile tairi langu la nyuma lilipasuka mara tatu. Fundi baiskeli anayepata pancha tatu kwa siku moja hana wa kumlalamikia. Nilitia viraka, nikala mihogo mikavu, nikalala chini na viatu vyangu.

Sikonge na Ipole

Siku mbili zilizofuata ni msitu. Miti, mizinga ya nyuki imening'inia juu ya miti, miti tena. Watu wa Sikonge walitupa maji na kutuonyesha njia, lakini kila tulipouliza habari ya mto walitutazama nguo. Kofia yangu ya kaki, niliyoinunua mnadani, ndiyo iliyotuponza. Tulipokaribia kijiji kimoja kabla ya Ipole tuliona moshi wa jikoni, tukasikia kuku, tukafika hatukukuta mtu. Walikuwa wamekimbilia porini wakidhani tumekuja kuwahesabu ili wahamishwe mara ya pili.

Aliyebaki ni mama mmoja mnene, Mama Sesilia, aliyesema magoti yake hayamruhusu kukimbia Serikali yoyote. Yohana alimwamkia Kinyamwezi, "Mwadila, mayo," akavua kofia yangu kichwani mwangu akaikalia. Mama yule akacheka, akapiga yowe kuelekea porini, na watoto wakatoka mmoja mmoja.

Alitupikia michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, akavichemsha na karanga za kutwanga. Kisha asali. Asubuhi uji na asali. Mchana ugali wa mtama, mboga ikachelewa, tukaletewa asali. Siku ya pili nilikuwa nikisikia harufu ya asali nikatamani chumvi kama mbuzi. Lakini nitamkumbuka mama yule, maana alitupa chakula na hakutuuliza tumetumwa na nani.

Yeye ndiye aliyetuelekeza kwenye bwawa, mwendo wa saa mbili kutoka kijijini. Tulilikuta, na Yohana alipiga magoti. Kambale walikuwa wakijigeuza juu ya tope mchana kweupe, wanene, wengi. Alikuwa amekwisha kukunja suruali wakati mwanamume mmoja alipojitokeza vichakani akasema kwa upole kwamba bwawa lile huvuliwa siku moja tu kwa mwaka, siku ambayo mtu wa mtemi anakuja kulifungua, na watu wote wanaingia pamoja na vikapu vyao. Siku hiyo bado. Mgeni akitia hata kidole, kijiji kizima kinakosa samaki.

"Hata mmoja kwa ajili ya mboga?" Yohana aliuliza.

"Hata maji ya kunawa uso," yule mtu akajibu.

Tulirudi kwenye asali.

Kizuizini

Mbele ya Ipole, mahali nchi ya watu inapokwisha na nchi ya mbung'o inapoanza, kuna kizuizi. Ni gogo lililolazwa njiani, kibanda cha nyasi chenye giza cha kuingiza baiskeli ili mbung'o waliojificha watoke, na askari mmoja mwenye wavu mdogo wa kukamatia wadudu hao. Kazi yake ya pili ni kupapasa shingo za wapita njia, kwa sababu malale huanza na vivimbe vya shingoni.

Yohana alipapaswa kwanza. Hawezi kutekenywa huyu mtu, alicheka mpaka akakaa chini, na askari akaandika kwamba ni mzima. Nikaja mimi. Askari alipapasa, akasimama, akapapasa tena.

"Hiki nini?"

"Kovu la jipu. La utotoni."

"Wote husema jipu."

Nikamwambia mama yangu anaweza kushuhudia. Akaniuliza mama yangu yuko wapi. Nikasema Tabora. Akasema basi nimngoje dresa, mtu wa zahanati, anayepita na baiskeli yake kila wiki, naye ataamua.

Tulimngoja dresa siku mbili. Sina la kusema juu ya siku hizo ila kwamba mbung'o huuma kupitia shati, na kwamba Yohana alijua beti zote za tenzi zote. Kila asubuhi nilihesabu mawingu upande wa mashariki. Yalikuwa machache, lakini jana yake hayakuwepo kabisa, na nilijua kaya saba kule mjini nao wanayatazama mawingu hayo hayo. Dresa alipofika alinigusa kwa kidole kimoja, akasema, "Hili ni jipu la zamani," akaomba chai. Askari alifungua njia bila haya yoyote. Akanitakia safari njema.

Ugalla

Mto Ugalla niliuona mara ya kwanza saa tisa mchana, na kwa jinsi nilivyochoka niliuchukia kwa kuwa mzuri vile bila kunisaidia. Maji mapana, yametulia, majani ya kijani kando zote, viboko wakipumua huko mbali. Yohana hakuimba. Alisimama na baiskeli yake akalia, waziwazi, na alipomaliza alisema, "Shemeji, baba yangu alikuwa akitega pale," akaonyesha mahali ambapo mimi niliona maji tu.

Kambi ilikuwa na vibanda tisa vya nyasi, vichanja vya kukaushia samaki juu ya moshi, na wanaume kumi na wawili hivi. Mzee wao aliitwa Mzee Kibwana. Alikuwa mrefu, mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri, na kila mtu pale alimtii bila yeye kuinua sauti. Mkwewe, Hamisi, aliyemwoa binti yake wa pekee, ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Tulikaribishwa kwa heshima. Tulipewa mkeka, tukapewa maji ya kunywa, na hakuna aliyetuuliza shida yetu kabla hatujala, ndivyo inavyotakiwa.

Wakati chakula kinaandaliwa, mzee akaniuliza kabila langu.

"Mnyamwezi."

"Mimi Mzaramo," akasema. "Nilikuja bara nikiwa kijana, nimebeba mzigo, nikaona mto nikabaki."

Watu wa kambi wakashangilia, "Mtani wako huyo, mzee! Leo utakoma!" Msomaji asiye wa nchi hii nimweleze kwa ufupi: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu siku za misafara ya kwenda pwani. Mtani humtukana mtani, huchukua kitu chake mbele ya macho yake, na ni mwiko kukasirika. Kwa mtu aliyetumwa kuomba, kukutana na mtani ni bahati kubwa. Mtani hanyimwi.

Nilijua la kufanya. Niliinuka nikaenda kwenye kichanja, nikachagua perege mkubwa kuliko wote, nikamla nimesimama. Watu walipiga makofi. Mzee Kibwana alicheka, akasema Wanyamwezi hawana haya, mabega yao yameota sugu kwa kubeba mizigo ya wenzao. Nikamwambia Wazaramo wamezoea nazi hata meno hawana. Uchovu wote wa wiki ile ulinitoka. Nilikaa mkekani nikanyoosha mikono yote miwili mbele kama bwana mkubwa, nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Na wewe nyamaza! Babu yangu alikununua Tabora kwa kaniki mbili na kibaba cha chumvi. Mtumwa wangu, niletee maji ninawe!"

Maneno haya nimeyasema mara nyingi maishani. Baba yangu aliyasema kwa watani wake, nao walimwambia hivyo hivyo. Watu wa kambi walicheka mpaka wengine wakashika mbavu.

Mzee Kibwana akainuka. Alichukua kata na bakuli, akaja mbele yangu, akapiga goti moja, akaweka bakuli chini ya mikono yangu, akanimiminia maji polepole, kata ameishika kwa mkono wa kulia na mkono wa kushoto umeshika kiwiko. Hakumwaga tone. Alipomaliza aliniuliza, taratibu kabisa:

"Nani alikuambia?"

Nilicheka. Nilidhani ni zamu yake ya utani. Akaniuliza tena, "Nani alikuambia?" na safari hii nilimtazama uso.

Kicheko kilikwisha mkekani pote. Hamisi alikuwa na tonge mkononi, akalirudisha kwenye sinia.

"Baba," akasema, "anasema nini huyu mtu?"

Mzee alikaa mahali pake, akakaribisha watu kwenye chakula, tukala. Samaki walikuwa watamu, wabichi, wa kuchemshwa na pilipili, ndio samaki niliowaota njia nzima, nami nilikuwa nameza tu.

Asubuhi yake

"Utani hauna kosa," Yohana aliniambia mara tu nilipofungua macho. "Hata akikupeleka kwa mtemi, hakuna kosa. Mwachie apoe, kisha mwulize habari ya watu wetu."

Alikuwa na haki kwa sheria ya utani, lakini niliinuka nikamwacha. Nilimkuta mzee ukingoni anapakia mtumbwi wake: wavu mmoja, sufuria, blanketi, mfuko wa unga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, ulikuwa utani. Hakuna aliyeniambia kitu. Sikujua."

"Najua hukujua," akasema. "Nililala nikawaza, nikajua. Lakini wao sasa wanajua."

Akaendelea kupakia. Nilisimama pale sina mahali pa kuweka mikono. Alisema, bila kunitazama, kwamba yeye si Mzaramo. Aliletwa Tabora mtoto mdogo kutoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika msafara, amefungwa pamoja na wakubwa. Katika nyumba aliyouzwa, kazi yake ilikuwa kuwanawisha wageni. Alipotoroka alikuja huku ambako hakuna aliyemjua, akasema yeye ni mtu wa pwani, na watu wakakubali. Alioa kama Mzaramo. Aliozesha binti kama Mzaramo.

"Miaka yote niliyokaa hapa sijamnawisha mtu," akasema. "Jana mikono ilikwenda yenyewe."

"Mzee, usiondoke kwa ajili yangu. Tutaondoka sisi."

"Nani kakwambia naondoka kwa ajili yako? Hakuna aliyenifukuza. Hamisi kanisalimia leo vizuri mno. Kaniuliza kama nimelala, kama nimekula, kama kuna mzigo anibebee." Alifunga kamba ya mfuko. "Hajawahi kunisalimia hivyo."

Ningeondoka bila kuomba kitu, nasema kweli, ningerudi mjini nikawaambia zile kaya saba kwamba nimeshindwa. Lakini Yohana alikuwa amenifuata, na aliposikia mzee anaondoka aliona mvua, na vyumba vya uani, na panya darini. Akasema nyuma yangu:

"Na jamaa zetu, mzee? Tulikuja kuomba nafasi."

Nilitaka kumzaba kofi. Mzee Kibwana alimtazama, akauliza ni kaya ngapi, wana watoto wangapi, baba zao walikuwa wanavua wapi. Yohana alijibu yote. Kisha mzee akawaita watu wa kambi, wakaja wakasimama mbali kidogo kuliko kawaida, akawaambia, "Kaya hizi saba nimezipokea. Kibanda changu wapewe wenye watoto wengi." Hamisi akasema, "Sawa, baba," macho yake yako chini.

Mzee alisukuma mtumbwi mwenyewe. Mimi na Hamisi tulisogea kumsaidia, akatukataza kwa mkono. Alipiga kasia kufuata maji, kuelekea magharibi, na ule mto ni mpana na umenyooka pale, kwa hiyo tulimwona kwa muda mrefu sana.

Siku ile Yohana alijaribu wavu. Ulitoka umejaa. Perege, ningu, kambale, mpaka wavuvi wa pale wakasema hawajaona hivyo kiangazi kizima.

Kurudi

Njia ya kurudi sina haja ya kuiandika. Tulipita kizuizini, tukapanguswa mbung'o. Mama Sesilia alitupa asali. Yohana aliimba.

Kaya saba walipopata habari walipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaoa. Nyavu zimeshushwa darini, zinashonwa uani usiku na mchana. Wanaondoka wiki ijayo. Kila jioni Yohana anawasimulia jinsi Fundi alivyomtania mtani wake mpaka mtani akahama kambi, na wanacheka, kwa sababu akisimulia yeye inachekesha kweli. Wananiuliza mbona sifungi mizigo. Nimewaambia magoti yananiuma. Nyinyi nawaambia ukweli: kibanda changu cha nane sikitaki tena, na maneno yale ya utani sitayasema tena kwa mtu yeyote, hata kama mwiko unaniruhusu.

Jana alikuja mama mkwe wangu, mama yake Yohana. Ni mzee sasa, alitembea kutoka Chemchem na fimbo yake. Hakutaka baiskeli wala habari za samaki. Alisema tangu wahamishwe hajalala siku moja bila kumwomba Mungu amrudishe Ugalla, na sasa anataka kumtaja katika sala zake yule mtu aliyewaachia kibanda chake.

"Jina lake nani, baba?" akaniuliza.

"Kibwana," nikasema.

Alilirudia mara mbili ili asilisahau, akanishukuru, akaondoka zake taratibu. Alikuwa amekwisha kukata kona ndipo nilipofahamu kwamba nimempa jina alilobandikwa katika nyumba aliyouzwa Tabora, au jina alilojipa mwenyewe njiani anatoroka. Lile alilopewa na mama yake sikumwuliza.